Mikono Nyuma

Kambini walimwita Kamanda, ingawa hakuwahi kuvaa gwanda hata siku moja na paka akimtunishia mgongo yeye ndiye anayempisha njia. Jina alipewa na wanafunzi wa sekondari wa kundi la kwanza kabisa, kwa sababu ya ile sauti yake nzito, na makundi yaliyofuata yakalirithi pamoja na mahema na kofia ngumu. Kazi yake ilikuwa mwamba. Watoto walikuja na shule zao kwa siku chache, wakalala kwenye mahema, wakavuka mto kwa kamba, wakapiga makasia ziwani mpaka mabega yakawaka moto, na mwishoni wakafikishwa kwenye mwamba ulioko nyuma ya kambi, kila mmoja aupande akiwa amefungwa kamba kiunoni. Wengi walifika na midomo mirefu wakaondoka na adabu. Kamanda aliipenda kazi hiyo kupita kiasi, na hilo la kupita kiasi ndilo lililomponza.

Maana kambi za wanafunzi ni mambo ya likizo. Shule zikifungwa, Kamanda ana kazi. Shule zikifunguliwa, Kamanda yuko nyumbani amenyoosha miguu, na binti yake yuko darasani. Mkewe alivumilia, akavumilia tena, mwisho akachoka. "Wewe ni baba wa watoto wa watu," alimwambia siku aliyokuwa anafunga mizigo. Kamanda akashika njia ya kambini, kwa sababu kesho yake asubuhi kulikuwa na basi la shule linaingia na mahema yalikuwa hayajasimamishwa. Mama na mtoto wakahamia mji mwingine.

Tangu hapo akawa baba wa kwenye simu. Likizo hii nitakuja, mwanangu. Basi ijayo, Mungu akipenda. Mwanzoni mtoto alikuwa anauliza ni siku gani. Baadaye akaacha kuuliza, na baadaye tena akaacha kupokea simu.

Halafu mama wa mtoto akampigia mwenyewe, jambo ambalo alikuwa halifanyi. "Shule yao inakuja huko kwenu," alisema. "Nimekwambia usije ukazirai. Na yeye mwenyewe amesema usimwambie mtu yeyote kwamba wewe ni baba yake."

"Kwa nini?"

"Mimi ni karani wake? Utamuuliza ukimwona."

Siku basi lilipofika, Kamanda alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana pale kambini, na mpishi alimuuliza kama anakwenda kuposa. Watoto wakashuka wakisukumana. Alimtambua kwa paji la uso, la bibi yake mzaa baba, lakini mengine yote yalikuwa mageni: urefu, miguu, namna ya kubeba begi bega moja. Akafungua mdomo amwite Punje. Ndilo jina alilompa mwenyewe siku alipozaliwa kabla ya wakati wake, kadogo, kanaenea kwenye kiganja. Binti akamuwahi.

"Shikamoo, Kamanda."

"Marahaba," alijibu, na ile sauti ya kutikisa msitu ikatoka kama ya mgonjwa.

Tokea hapo Kamanda alitaka kitu kimoja tu, na alikitaka vibaya sana: kabla basi halijaondoka, mtoto amwite Baba. Hata mara moja. Hata kwa kunong'ona, nyuma ya mahema, mahali ambapo hakuna wa kusikia. Alijiambia ni kitu kidogo, kisha akajiona mjinga, maana kama kingekuwa kidogo asingekuwa anakosa usingizi.

Siku zikapita, kitu chenyewe hakijaja. Binti alikuwa wa mbele katika kila jambo. Mtoni alivuka bila kupiga kelele, ziwani aligeuza mtumbwi kama aliyezaliwa ndani yake. Kamanda akitania, wenzake walicheka hapo hapo. Yeye alicheka baadaye kidogo, na kidogo tu. Asubuhi Kamanda, mchana Kamanda, asante Kamanda. Kila aliposikia jina hilo kutoka mdomoni mwake lilimchoma, na hapakuwa na wa kumlalamikia.

Siku ya mwamba ikafika.

Sasa mwambani pale kulikuwa na sheria, na aliyeiweka ni Kamanda mwenyewe. Kila mtoto anafungwa kamba na mwenzake, si na mkufunzi. Mwenzake huyo huyo ndiye anayekagua fundo, halafu ndiye anayeshika upande wa pili wa kamba kutoka chini, akiivuta mwenzake anapopanda, akiiachia polepole anaposhuka. Mkufunzi anasimama hatua moja pembeni, mikono nyuma, anaangalia kwa macho. Fundo likiwa baya anasema, "Rudieni." Likiwa zuri anasema, "Panda." Kulishika hapana. Kamanda alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa kila msimu kwa wakufunzi wapya mpaka wakayajua kwa moyo: ukilishika fundo la mtoto baada ya mwenzake kulikagua, umewaambia wote wawili kwamba hawafai. Anayepanda atapanda na wasiwasi, anayeshika atashika na aibu. Aliwahi kumtoa mkufunzi mmoja mwambani kwa kosa hilo na kumpeleka akahesabu makasia.

Asubuhi ile mambo yalianza vizuri. Mvulana mmoja mwenye miwani aliganda akiwa hajafika hata katikati, amelikumbatia jiwe, hataki juu hataki chini. Kamanda akajifunga kamba ya pembeni akamfuata, na kwa kuwa mvulana hakuwa mbali na ardhi, waliokuwa chini walisikia kila neno.

"Usiangalie chini," Kamanda alimwambia. "Juu nako achana nako. Niangalie mimi. Hapa tuko mimi na wewe tu, dunia nzima imekwenda likizo. Umenielewa? Hakuna mtu mwingine nina shida naye leo, ila wewe."

Yalikuwa maneno yake ya siku zote, na yalikuwa hayajawahi kumwangusha. Mvulana akavuta pumzi, akashuka, akapigiwa makofi. Binti alikuwa kwenye foleni amevaa kofia ngumu, anasikiliza. Hakupiga makofi.

Zamu yake ikafika. Aliyemfunga ni rafiki yake, msichana mrefu ambaye darasa zima lilimwita Twiga na mwenyewe aliitika. Twiga alifunga fundo lenye umbo la nane taratibu, ulimi nje, akalikagua kwa vidole mara ya kwanza na ya pili. Lilikuwa fundo zuri. Kamanda alikuwa ameyaona mengi maishani mwake na hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyofungwa vizuri kabisa.

"Liko sawa," alisema. "Panda."

Na mikono ikatoka nyuma. Hata yeye hakujua imetokaje. Alishtukia ameshika fundo, amelivuta, ameligeuza, amekaza mkia wa kamba uliokuwa umekazwa tayari. Kisha akairudisha mikono haraka, kama aliyekamatwa na kitu cha watu mfukoni.

Foleni nzima iliona. Mwalimu wa jiografia, mtu mnene mcheshi aliyekuwa amekaa kwenye jiwe akijipepea kwa kofia, akaacha kujipepea. Twiga alimtazama Kamanda, akalitazama fundo, uso ukamshuka. Binti aligeuka akaanza kupanda.

Alipanda vizuri, tena upesi, anachagua mahali pa kutia mguu bila kuhangaika. Kamanda alianza kupumua. Binti alikuwa amepita katikati, amefika mahali ambapo mwamba unatokeza kidogo nje na mtu hulazimika kuegemea kamba, ndipo alipoinamisha kichwa akaangalia kiunoni kwake. Akaliangalia fundo muda mrefu. Halafu akashika mwamba kwa mikono yote miwili, akasimama.

"Panda, Punje!" Kamanda alipaza sauti, na jina likawa limeshamtoka.

"Punje ni nani?" mtoto mmoja kwenye foleni aliuliza.

Kule juu magoti yalikuwa yameanza kutetemeka, ule mtetemeko unaoonekana mpaka chini. Twiga naye alikuwa ameikaza kamba kwa nguvu zote na macho yamemjaa machozi, anasema, "Nimemshika, Kamanda, nimemshika jamani." Kamanda akajifunga kamba ya pembeni, mkufunzi mwenzake akaishika, akapanda. Mwamba aliouzoea kuliko kitanda chake ulimtoa jasho siku hiyo. Alimfikia binti, akajiweka sambamba naye, uso kwa uso, karibu kuliko walivyowahi kuwa kwa miaka.

"Usiangalie chini," alianza. "Niangalie mimi. Hapa tuko mimi na wewe tu, dunia nzima..."

"Imekwenda likizo," binti alimalizia. Meno yalikuwa yanagongana. "Umeshamwambia yule wa miwani."

Kamanda alitafuta maneno mengine, akagundua kwamba hana. Miaka yote hiyo ya kuwatoa watoto kwenye majiwe, na akiba yake ilikuwa sentensi chache tu, na zote zimeshatumika.

"Fundo langu lilikuwa na nini?" binti aliuliza.

"Halikuwa na kitu."

"Mbona umelishika? Wenzangu wote hukuwashika. Niambie ukweli, lina nini?"

"Halina kitu, mwanangu. Wallahi ni zima. Niliogopa tu."

"Wale hukuwaogopea?"

"Wale ni watoto wa watu."

Alilisema bila kufikiri, kisha akalisikia. Binti alicheka kicheko kifupi kibaya, shavu limelala kwenye jiwe.

"Mama anasema hivyo hivyo," alisema. "Sasa hao watoto wa watu ndio unaokaa nao. Mimi unaniogopea kwenye simu. Nilipolazwa uliniogopea? Niliwaambia manesi wasifunge mlango, baba yangu yuko njiani."

Kamanda alikuwa na sababu ya siku ile. Alikuwa na kundi msituni, na mvua, na daraja lililokatika. Zilikuwa sababu za kweli kabisa, na alipozipanga kichwani aliziona aibu kuzitoa.

"Watoto wa watu wanakaa siku chache," alisema mwisho, polepole, kwa sababu hata yeye alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. "Wanaondoka wakiwa bado wananipenda. Kwako nilikuwa nikichelewa mara moja, naona haya kuja ya pili. Na ya pili ikipita, ya tatu ndiyo inakuwa ngumu zaidi. Hiyo ndiyo sababu. Nyingine sina."

Binti alimwangalia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Njoo nikufunge kwangu," Kamanda alisema, "tushuke pamoja."

"Sitaki."

"Punje, miguu inatetemeka."

"Twiga atanishusha. Twiga amenifunga, Twiga atanishusha. Wewe shuka. Shuka kwanza, usimame pale unaposimamaga, mikono nyuma. Nikikuona umesimama hivyo ndipo nitashuka."

Kamanda alishuka. Kama mtu anataka kujua adhabu ni kitu gani, amwache mtoto wake amebanwa kwenye jiwe na yeye ateremke amwache pale. Chini alifungua kamba yake, akaenda kusimama hatua moja pembeni ya Twiga, akaweka mikono nyuma. Kila mshipa wa Kamanda ulimwambia amnyang'anye ile kamba amshushe mtoto mwenyewe, na hapana mtu ambaye angemlaumu. Alijibana vidole kwa nyuma mpaka vikafa ganzi.

"Twiga," alisema kwa sauti ya kawaida, "akiegemea ujue yuko tayari. Unajua kazi yako."

Binti aliangalia chini, akaiona ile mikono. Akafumba macho, akaachia jiwe, akaegemea nyuma hewani. Kamba ikakaza. Fundo likashika, kama ambavyo lingeshika tangu mwanzo. Twiga akaachia kamba kidogo kidogo, na mtoto akashuka akiusukuma mwamba kwa nyayo mpaka ardhini. Darasa likapiga kelele za shangwe.

Twiga hakushangilia. Alimgeukia Kamanda na kamba bado mkononi. "Kamanda, mimi sikufunga vizuri?"

Kamanda akafungua mdomo, lakini binti akamuwahi kama alivyomuwahi siku ile ya basi.

"Ulifunga vizuri," alimwambia rafiki yake, huku akijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Usimjali. Ni baba yangu tu huyu."

Basi. Neno lilikuwa limekuja, mchana kweupe, mbele ya watu wote. Furaha ilimpiga Kamanda kifuani mpaka akataka kukaa chini, kisha maana ya lile neno ikamfikia, na aibu ikashika nafasi yote. Mtoto alikuwa amemtaja baba yake kumwombea radhi, kama mtu anavyoeleza kilema cha nyumbani kwao kwa wageni.

Watoto walikuwa wanatazamana. Mwalimu wa jiografia alikohoa. Halafu aliyefuata kwenye foleni, kijana mmoja mwenye kifua kilichotuna kama mpira, akasogea mbele akatoa kiuno.

"Kamanda, na langu nishikie."

"Lako limekaguliwa na mwenzako."

"La huyu pia lilikuwa limekaguliwa."

"Na mimi," akasema wa nyuma yake. "Na mimi, Kamanda. Bora ushike." Mkono mmoja mmoja, foleni nzima ilikuwa inashika mafundo yake yenyewe na kuyatilia shaka, na waliofunga walikuwa wanawatazama wenzao kwa uchungu. Kila alichowajengea tangu siku ya kwanza kilikuwa kinabomoka mbele ya macho yake, na yeye ndiye aliyetoa tofali la chini. Angeweza kuyashika yote, watoto wangepanda. Hakuyashika.

"Mwamba umefungwa leo," alisema. "Kosa ni langu. Mafundo yenu ni mazima yote, na atakayewauliza mwambieni Kamanda ndiye aliyeogopa."

Wakanung'unika, wakaanza kuvua mikanda ya kupandia. Kamanda akashusha kamba kutoka juu, akaanza kuikunja, kazi ambayo hufanywa na watu wawili. Binti alikuja bila kuitwa akashika upande wa pili. Walikunja kimya, mmoja akinyoosha, mwingine akiviringisha.

"Likizo ya mwisho wa mwaka utakuwa wapi?" binti aliuliza, macho kwenye kamba.

Ratiba ilikuwa imeshapangwa. Makundi yalikuwa yamejaa mpaka mwisho. Nitakuja, mwanangu, lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, tamu na jepesi, kama lilivyokuwa siku zote.

"Hapa," alisema. "Nimeshapangiwa."

Binti alitikisa kichwa taratibu. "Siku zote ulikuwa unasema utakuja."

"Najua."

Binti alibaki amesimama pale na ncha ya kamba mkononi, anangoja. Kamanda aliona kwamba anangoja, na alijua anangoja neno gani, lakini alikuwa ameshalichafua neno hilo mara nyingi mno kumpa tena. Mwalimu wa jiografia akapuliza filimbi, mizigo ipakiwe. Binti akaweka ncha chini, akaenda zake na Twiga. Jioni basi lilipoondoka alikaa dirisha la upande wa pili.

Ghalani, kamba zikiwa zimetundikwa na kofia ngumu zikinuka jasho la watoto kwenye rafu, msimamizi wa kambi alikuja. Wafanyakazi walimwita Bi Saa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amechelewa. Alikuwa ameshasikia yote.

"Nimekuja kukutoa mwambani," alisema. "Wewe mwenyewe ungenitaka nifanye hivyo."

"Ni haki," Kamanda alisema. "Na mwisho wa mwaka nitoe kambini kabisa. Makundi yote. Nakwenda kwa mwanangu."

Bi Saa alikaa juu ya rundo la mahema. "Huo ndio msimu wetu. Ukiondoka natafuta mtu mwingine, na nikimpata mtu mzuri simwondoi. Unajua hilo."

"Najua."

"Mtoto umemwambia?"

"Hapana."

"Basi limetoka sasa hivi, mzee! Mpigie mama yake, mtoto ajue akiwa njiani. Atafurahi."

"Ameshafurahishwa sana kwa simu," Kamanda alisema. "Atajua akisikia hodi."

Bi Saa akauliza, "Na asipokufungulia?"

Kamanda alimwona mtoto kichwani mwake, nyuma ya mlango, ameitambua sauti yake, amesimama. Akasema atakaa nje. Bi Saa akamuuliza mpaka lini, na yeye akasema hajui, lakini likizo ni ndefu.